Tochi Isiyofika Jikoni

Mzee Omwenga alikuwa na kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa. Kila jioni, giza likishaanza kushika migomba na watu wanauliza kama ugali umeiva, kikohozi hicho kilitoka nyumba kubwa, kikapita zizini, kikazunguka ghala la mahindi, kikateremka hadi mistari ya kwanza ya chai, kisha kikapanda polepole upande wa jikoni kwa Beverlyne. Nyuma ya kikohozi alikuja Mzee mwenyewe, na mbele ya Mzee ilikuja tochi yake ya zamani, yenye mwanga wa rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa akikagua boma. Alivuta mlango wa zizi kuona kama umeshika, akampapasa ng'ombe mgongoni kana kwamba ng'ombe angeweza kubadilishwa mchana, akaitazama mikungu ya ndizi mmoja mmoja, akamlaani fuko fulani aliyekuwa na uhasama naye wa binafsi, kisha akarudi ndani kulala.

Kikohozi chenyewe kilikuwa na kazi. Kwa Wakisii, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakaribiani ovyo. Hawapeani mkono, mzee haingii nyumbani kwa mkaza mwana wake, utani hakuna, na Mungu apishe mbali mmoja amkute mwenzake hajajiweka sawa. Wenyewe huita chinsoni, ile haya ya heshima ambayo mtu hafundishwi, anakua akaikuta. Basi Mzee akifika pembe ya jikoni alikohoa, Beverlyne akasikia, akashusha leso, akakaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mzee akapita. Hakuna aliyemwona mwenzake, na wote wawili walienda kulala wakiwa wameheshimiwa.

Beverlyne alikuwa ameolewa hapo mwaka uliotangulia. Alitoka kwao Kenyenya akaletwa huku upande wa Nyamira, juu ya Keroka, kwenye baridi ya kugandisha mafuta ya kupikia. Mumewe, Anyona, alifanya kazi kiwanda cha chai na mara nyingi alikuwa zamu ya usiku. Hakuna aliyemwambia bibi harusi kwamba sehemu kubwa ya ndoa yake angelala na panya wa darini. Majuma ya kwanza alijifunika blanketi hadi utosini akisikiliza kila jani linaloanguka. Kilichomtuliza ni kile kikohozi. Kikishapita jikoni, na mlango wa zizi ukalia ukivutwa, alijua kuna mtu mzima aliyeutazama usiku usoni na kuuambia ukae sawa. Hapo alilala kama gunia la viazi. Hakumwambia mtu jambo hilo, maana utaanzia wapi? Utamwambia mumeo kwamba unapata usingizi kwa sababu ya babake?

Kisha Mzee akaanguka. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na zamu yake ya kupasuliwa ilikuwa bado mbali. Tochi nayo ilikuwa imezeeka. Kati ya hao wawili hakuna aliyeuona mtaro wa maji ulio kwenye chai. Goti lilivimba likawa kama boga. Wanawe wa mjini wakapiga simu mmoja baada ya mwingine, wakapitisha azimio kama wabunge: Mzee asitoke tena jioni. Mzee hakubishana. Hapo ndipo Beverlyne alipoogopa, kwa sababu Mzee Omwenga alikuwa mtu wa kubishana hata na utabiri wa hali ya hewa redioni.

Anyona, mwana mwema, akajitolea kukagua boma jioni ambazo hayuko kazini. Alizunguka akimulika kwa simu huku akiisoma simu hiyohiyo. Siku ya pili alifunga zizi vizuri sana, ng'ombe akiwa nje.

"Bev, si nimejaribu?" alisema asubuhi.

"Umejaribu. Na ng'ombe pia alijaribu. Amemaliza sukuma zote."

Goti lilipona. Daktari akasema Mzee atembee, tena atembee sana. Mzee hakutoka. Jioni ikifika alivaa gambuti zake za matope, akakaa kando ya redio ndani ya nyumba, kama abiria ambaye gari lake limefutwa na hakuna aliyemwambia. Habari hizo za gambuti Beverlyne alizipata kwa mama mkwe wake, Nyamoita, mwanamke ambaye alicheka hata mazishini, ingawa kwa adabu. Siku hiyo hakucheka.

"Anasema tochi yake haioni," Nyamoita alisema, akichambua maharagwe. "Nikamwambia si tochi, ni wewe. Akasema ni wote wawili."

Beverlyne alirudi nyumbani kwake akafungua kopo la kahawa alimoweka pesa za kusuka nywele. Alikuwa amezikusanya kwa kuchuma chai ya jirani, na mtindo alikuwa ameshauchagua, ule wa kufika kiunoni. Akalifunga kopo. Akalifungua tena. Kesho yake akafunga kitambaa kichwani akaenda Kisii.

Siku ya soko Daraja Mbili unaweza kununua chochote isipokuwa utulivu. Beverlyne alipita penye ndizi, akapita penye mitumba, akafika kwa kijana aliyetandaza tochi juu ya turubai na kushika kipaza sauti, ingawa wateja wake walikuwa karibu naye kuliko shati lake.

"Tochi za LED, tochi za kisasa! Ukimulika hapa, Nyamira wanafumba macho. Madam, unatafutia nani?"

"Mzee. Haoni vizuri."

"Huyo ndiye mteja wangu. Chukua hii. Lumeni elfu kumi, imeandikwa hapa."

Beverlyne alikuwa amepita fizikia ya kidato cha nne kwa kukwaruza, lakini alijua kwamba lumeni elfu kumi ni mambo ya uwanja wa mpira, si ya kitu kinachoingia mfukoni. "Mnaandika wenyewe hizi?"

"Inakuja imeandikwa hivyo, madam. Sisi tunaheshimu maandishi."

"Na nitajuaje inawaka vizuri, na jua ni hili?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Saa sita ya mchana tochi zote ni sawa, kama wachumba siku ya kutambulishwa. Kijana hakubabaika. Akafungua koti lake upande mmoja. "Ingiza kichwa hapa."

Beverlyne akatazama kulia, akatazama kushoto, asione mtu wa kwao wala wa kwa kina mumewe, akaingiza kichwa ndani ya koti la mwanamume asiyemjua. Kulikuwa na harufu ya mandazi. Kijana akawasha. Beverlyne akaona nyuzi za koti, akaona kifungo kimoja kilichokaribia kukatika, akaona kitu kama siku ya kiyama, na baada ya hapo kwa muda hakuona chochote. Alipotoa kichwa nje, Daraja Mbili yote ilikuwa ya zambarau.

"Ni hiyo," alisema, akatoa pesa, akampa kimakosa mama wa nyanya aliyekuwa kando. Mama wa nyanya akacheka, akampitishia kijana.

Tochi haikutoka mkononi mwa Beverlyne ikaingia mkononi mwa Mzee, hilo halifanyiki. Alimpa Nyamoita, na Nyamoita akampa mumewe pamoja na chai. Baadaye alisimulia kwamba Mzee aliligeuzageuza lile boksi karibu na pua, akasoma kwa taabu, akasema, "Elfu kumi. Ni nyingi." Kisha, kabla hajamaliza chai, akaziendea gambuti.

Jioni hiyo Beverlyne alichelewa kwenye kituo cha kupimia majani. Alifika nyumbani giza limeshaingia, matope yamempanda hadi mapajani kwa sababu njia ilikuwa imeoga mvua. Akakaa kwenye mlango wa jikoni na beseni la maji ya moto, akapandisha gauni, akaanza kujisugua. Alikuwa amesikia mlango wa nyumba kubwa ukifunguka, na moyo wake ukacheka peke yake. Hakuharakisha. Mzee alikuwa angali zizini, ng'ambo ya pili ya boma, na kutoka zizini hadi pembe ya jikoni kuna mwendo wa kutosha mtu aoshe miguu, ajipanguse na kushusha gauni kabla ya kikohozi.

Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa tochi ya zamani. Mzee alikohoa penye pembe kwa sababu penye pembe ndipo mwanga wake ulipoanza kuona chochote. Kutoka zizini ule mwanga wa chai ya maziwa haukufika hata kwenye ghala.

Huu mpya ulifika. Mzee aliuwasha ili atazame kitasa cha zizi, akageuka, na mwanga ukaruka boma zima kama mbuzi aliyekatika kamba, ukapita juu ya ghala, ukapiga ukuta wa jikoni, ukateremka kwa Beverlyne na magoti yake mawili meupe kwa povu la sabuni. Hata Mzee mwenye ukungu machoni hangeweza kusema hilo lilikuwa gogo.

Akabonyeza kitufe aizime. Lakini tochi za kisasa hazizimwi kwa kubonyezwa mara moja. Zinakupa kwanza nafasi ya kufikiria. Mwanga ukapungua. Akabonyeza tena. Sasa ikaanza kumetameta, haraka haraka, kama gari la polisi linalomfuata mbunge. Beverlyne alikuwa anaonekana, haonekani, anaonekana, haonekani, kila mara akiwa amefika mahali tofauti katika jitihada za kushusha gauni na kukwepa beseni. Mzee akabonyeza kwa vidole vyote. Mwisho akaitupa kwenye matete ya ng'ombe, ikaendelea kumetameta humo, na matete yote yakacheza.

Kutoka ng'ambo ya bonde sauti ya jirani yao Nyamweya ikauliza, "Kuna nini huko kwa Omwenga? Mmefungua baa?"

"Ni tochi," Nyamoita alijibu kutoka mlangoni, na baada ya neno hilo hakuweza kuongeza lingine, kwa kuwa kicheko kilikuwa kimemkalisha chini.

Asubuhi haikuwa ya kucheka. Mzee hakupita njia ya jikoni kwenda kwenye chai. Alizunguka huku chini, kwenye umande, na goti lake bovu. Beverlyne aliyaona majani yakitikisika, akaingia ndani asionekane, na akakaa humo mpaka yakatulia. Boma lile lilikuwa kubwa la kuwatosha wote jana. Leo lilikuwa dogo kama kiberiti.

Nyamoita alikuja na kikombe mkononi, akaketi juu ya kuni.

"Anasema hakuona kitu," alisema. "Ameanza kusema hivyo tangu alfajiri, na hakuna aliyemuuliza."

"Mama, mimi ndiye nimeharibu."

"Wewe ulinunua mwanga, mwanangu, na mwanga ukaja. Kosa ni la hizo elfu kumi." Akanywa chai kidogo. "Lakini nikuambie ukweli. Gambuti leo ziko chini ya kitanda."

Beverlyne alielewa. Gambuti zilizovaliwa kando ya redio zilikuwa za mtu anayengoja. Gambuti chini ya kitanda zilikuwa za mtu aliyekubali. Mzee angeketi humo ndani jioni zake zote zilizobaki, si kwa sababu ya goti wala macho, bali kwa sababu mke wa mwanawe alimnunulia aibu na kumfungia kwenye boksi. Na hakuna namna ya kwenda kumwambia pole, kwa kuwa pole yenyewe ingekuwa kumkumbusha.

Anyona alitoka kazini, akasimuliwa, akageuka akatazama ukuta kwa muda mrefu, mabega yakitikisika.

"Unacheka?"

"Sicheki. Bev, tuiokote ile tochi, tuifunge soksi. Mwanga utapungua."

Waliifunga soksi. Soksi ikaanza kunuka moshi.

Basi Beverlyne akaifunga tochi kwenye gazeti akateremka nayo Keroka, kwenye duka la Farhiya, nyuma ya stegi ya matatu. Babu yake Farhiya, Msomali, alikuja na malori ya mizigo zamani, akabaki. Farhiya mwenyewe alizaliwa papo hapo Keroka, na Ekegusii yake, lugha ya Wakisii, ilikuwa na matusi mengi kuliko ya Beverlyne. Aliuza redio, betri, taa za sola, chaja, na tochi za kila umbo, zimening'inia juu ya kaunta kama popo.

"Irudishe ulikonunua," alisema Farhiya.

"Aliyeniuzia hana mlango, dada. Nitabisha wapi?"

"Haya. Wewe unataka nini hasa?"

"Nataka tochi kali. Lakini isimulike."

Farhiya akaweka kikombe chake chini. "Rudia polepole. Nimezaa juzi, kichwa bado hakijarudi chote."

Beverlyne akamweleza. Alikusudia kueleza kwa ufupi na kwa heshima, lakini alipofika penye kumetameta Farhiya alikuwa ameinama juu ya kaunta, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi, anapiga mbao kwa kiganja.

"Walahi," alisema alipopata pumzi. "Kwa hiyo yeye aone asianguke, lakini asikuone wewe."

"Na mimi nisimwone. Labda ametoka na ile suruali ya ndani ndefu."

"Na pesa unazo ngapi?"

Beverlyne akataja. Farhiya akatazama juu kwenye tochi zake, akaanza kuondoa nyingi kwa macho tu. Zilizobaki akazibeba kwenye beseni, wakaingia stoo ya nyuma, chumba kisicho na dirisha, chenye magunia ya mahindi ya mumewe. Akafunga mlango. Giza likawa giza la kweli, sio lile la ndani ya koti.

Beverlyne alikuwa ameokota punje moja ya mahindi sakafuni. Akaiweka mbele ya kiatu chake. "Simama kule kwenye magunia," alisema. "Mimi nitamulika chini. Nikiiona punje, na nisijue kama unacheka au umenuna, hiyo ndiyo tochi."

"Na nikicheka kwa sauti?"

"Utaharibu mtihani."

Ya kwanza ilikuwa ya kuvaa kichwani. Beverlyne akaifunga juu ya kitambaa, akaiona punje vizuri kabisa, akainua uso amwambie Farhiya, na kwa kumwinulia uso akampofusha.

"Haifai," wakasema kwa pamoja.

Ya pili ilikuwa taa ya sola ya kubeba kama ndoo. Hiyo ilionyesha punje, Farhiya, magunia, buibui wa darini na upele wa ukuta. Ilikuwa taa isiyo na siri. Ya tatu ilikuwa ndogo ya kuning'iniza kwenye ufunguo, bei yake nzuri mno, lakini kwa mwanga wake punje ilikuwa tetesi tu. Ya nne unavuta kichwa chake na kukirudisha. Ukikirudisha, mwanga unajikusanya. Punje ilionekana kama mfalme, lakini hatua moja kando yake ungeweza kuchimbwa mtaro mzima na usijue. Ukikivuta, mwanga ulisambaa ukapanda hadi kwenye meno ya Farhiya.

"Ulikuwa unacheka," alisema Beverlyne.

"Nilikuwa nacheka."

Farhiya alipapasa rafu ya chini kabisa, akatoa kitu kifupi, kinene, chenye vumbi. Kilikuwa na uso mpana kama kifuniko cha sufuria ndogo, na kioo chake kilikuwa cheupe kama maji ya mchele, kisichopitisha mwanga kwa mstari bali kwa kuumwaga. Kitufe kilikuwa kimoja, cha kuwasha na kuzima, bila maoni mengine. Nyuma kilikuwa na kamba ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono, kikaning'inia uso chini.

"Hii hakuna anayeitaka," Farhiya alisema. "Vijana wanainunua, wanamulika mti, mti hauonekani, wanairudisha. Wanasema ni kipofu. Mimi mwenyewe nilitaka kuwapa watoto wachezee."

Beverlyne akaivaa mkononi akabonyeza. Mwanga ukamwagika chini, mweupe, mkali, ukatandaza duara kubwa kama ungo kuzunguka viatu vyake. Aliiona punje. Aliuona ufa wa punje. Aliona sisimizi aliyekuwa ameshaipata habari ya punje. Akapiga hatua, na duara likapiga hatua. Juu ya magoti yake mwenyewe hakukuwa na kitu ila giza, na kule kwenye magunia kulikuwa na sauti ya mtu anayepumua kwa pua.

"Umecheka?"

"Sisemi."

"Basi ni hii."

Kwenye bei walivutana kiasi cha watu wanaopendana. Farhiya alidai yeye si hospitali ya tochi wagonjwa, kisha akaichukua ile ya elfu kumi kufidia sehemu, akisema kuna mlinzi wa yadi ya mbao anayetaka mwizi aonekane hadi dhambi zake. Pesa zilizobaki zilitosha kusuka nusu ya kichwa. Anyona, alipoambiwa, alishauri isukwe nusu ya kulia, kwa kuwa ndiyo inayomkabili yeye mezani.

Lakini tochi kuwa nzuri ni jambo moja, na Mzee kuishika ni jambo jingine. Nyamoita aliiweka juu ya meza pamoja na chai, kama ile ya kwanza. Mzee akaitazama. Akasema kwamba tochi ni tochi, irudishwe kwenye gazeti lake. Siku iliyofuata iliwekwa juu ya redio. Akaisogeza ili afikie kitufe cha sauti. Gambuti hazikutoka chini ya kitanda.

"Hataamini," Nyamoita alimwambia Beverlyne. "Mimi nimemweleza, lakini nitamwonyeshaje? Ndani ya nyumba kuna stima. Tochi yako haina pa kujitetea."

Beverlyne akafikiri juu ya jambo hilo siku nzima akichuma chai, akachuma vibaya, kituoni wakamrudishia majani aliyochanganya na mashina. Jioni alimwomba Nyamoita mambo mawili: ile tochi, na dirisha la sebule libaki wazi.

Giza lilipoingia vizuri alivaa ndala, akaivaa tochi mkononi, akatoka. Alianzia zizini. Akavuta mlango, ukalia. Akalizunguka ghala. Akashuka kwenye chai, akapanda, akapita chini ya migomba iliyo mkabala na dirisha la nyumba kubwa, taratibu, kama mtu anayepeleka maji yaliyojaa hadi ukingoni. Hakukohoa. Hakuwa na haki ya kile kikohozi. Alijua kwamba, kama tochi ikimdanganya, atakuwa amejipeleka mwenyewe mbele ya baba mkwe wake mara ya pili, na safari hii hakuna tope la kusingizia.

Redio ndani ikapunguzwa sauti.

"Nani huyo anatembea bomani mwangu?" Ilikuwa sauti ya Mzee.

"Sijui," Nyamoita akajibu. "Naona miguu."

"Ya nani?"

"Miguu, Baba Anyona. Haijaandikwa jina."

Beverlyne alisimama. Kiti kikasukumwa, na hatua nzito, za mguu mmoja mzima na mwingine wa kubembelezwa, zikaja hadi dirishani. Hakuinua kichwa. Aliangalia duara lake, na ndala zake ndani yake, na jani la mgomba lililooza.

"Hiyo miguu," Mzee alisema, akimwambia mkewe lakini kwa sauti ya kufika mbali, "ikienda pale kwenye mtaro itaonekana?"

Beverlyne akashuka hadi kwenye mtaro.

"Inaonekana," alisema Nyamoita. "Mtaro pia unaonekana. Kuna chura."

"Mimi naona kitu cheupe tu, chini."

"Basi ndicho hicho."

"Na mtu?"

"Mtu hayupo. Ni miguu na chura."

Mzee aliendelea kutazama mpaka chura akachoka akaondoka. Kisha akasema, "Usiku unaingia. Hiyo miguu ikalale." Na dirisha likafungwa.

Hakuna aliyejua maana ya hilo, hata Nyamoita, ambaye alikuwa na miaka mingi ya kumtafsiri. Beverlyne aliikabidhi tochi mlangoni, akaenda kulala, akageuka kulia, akageuka kushoto, akawasikiliza panya.

Jioni iliyofuata alikuwa jikoni anasonga ugali, Anyona ameshaondoka kwenda zamu. Alikuwa amekaa ndani kabisa, leso imeshuka hadi kwenye vifundo, kwa lolote litakalotokea. Mlango wa nyumba kubwa ukafunguka. Alishika mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

Kupitia ufa wa mlango aliziona gambuti. Hakuona kingine. Gambuti mbili nyeusi ndani ya ungo wa mwanga, zinatembea zenyewe, moja kwa uhakika na nyingine kwa tahadhari. Zilienda zizini. Mlango ukavutwa, ukalia. Zikaenda kwenye ghala, zikasimama, mtu asiyeonekana akamtukana fuko. Zikafika kwenye mtaro, zikasita, zikapima, zikauvuka. Beverlyne aligundua kwamba ugali ulikuwa unashika.

Gambuti zikarudi zizini. Ng'ombe akahema.

"Wewe ng'ombe," Mzee alisema, kwa sauti ambayo ng'ombe hakuihitaji kwa kuwa alikuwa karibu na mdomo wake. "Aliyechagua tochi hii ana akili. Mimi sisemi na mtu, nasema na wewe. Lakini kuna kuni zimeachwa nje hapo karibu na jikoni, na mvua inakuja. Sijui nyumba ya mwanangu inataka kupika kwa maji. Sisemi na mtu."

Beverlyne akauma leso. Alipoona anaweza kuzungumza bila sauti kumsaliti, akaigeukia sufuria.

"Sufuria," alisema, kwa sauti ya kuvuka boma, "kuni zitaingizwa."

Duara lilisimama kidogo pale zizini. Kisha likazunguka mbali na jikoni, likapanda kuelekea nyumba kubwa bila haraka, na gambuti ndani yake. Beverlyne alingoja mpaka mlango ukafungwa. Akatoka, akazibeba kuni kwa mikono yote miwili, akaziingiza zote isipokuwa moja, ambayo aliiacha palepale nje, ili kesho jioni Mzee apate la kumwambia ng'ombe.